Kwa nini wapiga jazz wa Marekani walijiita Mwandishi, Mganga na Pepo Mtoto? (Na utaje sahani yako moja)

#1 Sahani ya Mjomba
Wakuu, habari za jioni.

Mjomba wangu alikuwa baharia. Alipofariki ndugu waligawana shamba, baiskeli na redio. Mimi nikaachiwa sanduku la santuri kwa kuwa hakuna aliyelitaka. Nyingi ni za kwetu na za Kongo, zimekwaruzika hadi zinakohoa. Chini kabisa nikakuta moja imeandikwa MWANDISHI. Nikasema hii bendi ya Dodoma. Nikageuza nyuma nisome wapigaji: Mchezaji, Jabali, Mganga, Mwile, Pepo Mtoto. Nikasema basi hawa watakuwa wa Tanga.

Nikaweka sindano. Hakuna mwimbaji, hakuna mahali pa kuingilia kucheza. Besi inazunguka pale pale kama mtu anayetafuta funguo gizani, dakika kumi na tatu. Nikaizima. Usiku nikairudia. Sasa ni mwezi wa tatu naisikiliza kila siku.

Nilipoperuzi ndipo nikamjua mwenyewe: Herbie Hancock, mpiga piano wa Chicago, aliyewahi kupiga na Miles Davis wa tarumbeta. Albamu ni ya 1971.

Swali langu: Kiswahili kiliwafikaje? Tumefundishwa shuleni kuwa Weusi wa Marekani wengi walichukuliwa Afrika Magharibi, Kongo na Angola. Mbona hawakujiita kwa Kiyoruba au Kikongo?

Na kila anayechangia ataje sahani moja ya jazz ambayo hata akiombwa na mkwe hatoi. Mimi ni hii hii.

#2 Kijana wa Ilala
Nimekaa pale na karanga zangu.

Ila Pepo Mtoto 😂😂 mtaani kwetu ukijitambulisha hivyo wanaita mchungaji.

#3 Bi Tarumbeta
Karibu kwenye ugonjwa, mleta uzi. Dawa yake hakuna.

Nikupangie hao watu. Mwandishi ni Hancock mwenyewe. Mchezaji ni Buster Williams wa besi. Jabali ni Billy Hart kwenye dramu. Mwile ni Bennie Maupin, saksafoni na klarineti ile nene. Pepo Mtoto ni Julian Priester wa tromboni. Mganga ni Eddie Henderson wa tarumbeta, na hilo jina halikuwa mzaha: alisomea udaktari, akawa anatibu wagonjwa mchana na kupiga tarumbeta usiku.

Na hiyo besi inayozunguka, jaribu kuihesabu. Mapigo ni kumi na tano. Ndiyo maana mguu wako hauoni pa kutua. Wimbo wenyewe ulitolewa kwa Angela Davis, mwanaharakati Mweusi wa Marekani, ambaye wakati ule alikuwa ndani.

Sahani yangu ni Kind of Blue ya Miles Davis, 1959. Najua ni jibu la kila mtu. Wali pia ni chakula cha kila mtu.

#4 Mwalimu Mstaafu
Mtaniwia radhi, nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja na siwezi kupita hapa kimya.

Kwanza, "Mwile" si neno. Ni mwili. Pili, mpiga besi hawezi kuwa "Mchezaji". Mchezaji yuko uwanjani na jezi, au yuko mbele ya bendi anakata viuno. Anayepiga ala ni mpigaji. Nahisi mtu alifungua kamusi, akakuta neno la Kiingereza lenye maana ya kucheza mpira na kupiga ala kwa pamoja, akachukua la kwanza aliloliona.

Sahani yangu: sina. Nina kanda ya Louis Armstrong, imeliwa na mashine mara mbili, nikaizungusha kwa kalamu.

#5 Kijana wa Ilala
Mwalimu umeingia na chaki kabisa 😂

Lakini Jabali wamepatia. Sisi Jabali wetu ni Marijani Rajab, Jabali la Muziki. Nani alimwiga nani?

#6 Bi Tarumbeta
#5 hakuna aliyeiga. Jabali ni jabali, mtu akiwa mzito ataitwa hivyo popote.

#7 Mtu wa Kisauni
Wadau, salaam kutoka Mombasa.

Jibu liko Kenya, msilitafute mbali. Mwaka 1953 Art Farmer, mpiga tarumbeta, alirekodi kibao kinaitwa Mau Mau, na Quincy Jones kijana mdogo alikuwemo kwenye shughuli hiyo. Hali ya hatari Kenya ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, yaani habari ilikuwa bado moto. Magazeti ya Weusi kule yalikuwa yanaandika Kenya, Kenya, Kenya. Halafu Februari 1964, miezi miwili tu baada ya uhuru wetu, Lee Morgan akarekodi "Mr. Kenyatta". Imo kwenye Search for the New Land, na mpiga piano wa humo ni nani? Huyo huyo Hancock wa sahani ya mjomba.

Hiyo ndiyo sahani yangu. Wayne Shorter yumo, Grant Green wa gitaa yumo. Ule wimbo wa kwanza wenye jina la albamu, nikiusikia saa kumi na mbili jioni maji yakijaa pale Likoni, sisemi na mtu.

#8 Philly ya Baridi
Niko Philadelphia mwaka wa kumi na tisa, ngoja niwape ya huku.

Mwenye kugawa majina hayo ni kijana wa hapa Philadelphia, mtoto wa mpiga saksafoni Jimmy Heath. Alijiita Mtume. Alikuwa kwenye kundi la Maulana Karenga kule California, yule aliyeanzisha Kwanzaa, sikukuu ya Weusi wa Marekani, mwaka 1966. Kwanzaa ina misingi saba, yote kwa Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Mwaka 1969 baba yake mdogo, Albert Heath wa dramu, alirekodi albamu inaitwa Kawaida. Humo yumo Hancock, yumo Buster Williams, yumo Don Cherry, yumo Mtume. Nyimbo zinaitwa Baraka, Maulana, Dunia, Kamili. Majina yalianzia hapo, mwaka uliofuata bendi nzima ya Hancock ikawa imeshabatizwa.

Kwa hiyo jibu la mleta uzi ni Karenga. Kesi imefungwa.

Sahani yangu ni hiyo Kawaida.

#9 Mwalimu Mstaafu
Nimesoma #8 nikacheka peke yangu hadi mke wangu akaja kuuliza.

Ujima! Kwetu mwanafunzi wa kidato cha kwanza akiulizwa ujima ni nini anaandika "hatua ya kwanza ya maendeleo ya jamii, watu waliishi kwa kuwinda na kuokota matunda". Wao wanauadhimisha kwa mishumaa.

Na Kwanzaa kwa nini ina "a" mbili mwishoni?

#10 Philly ya Baridi
#9 Mwalimu, hadithi inayosimuliwa ni kwamba kwenye sherehe ya kwanza kulikuwa na watoto saba, kila mmoja akipewa herufi. "Kwanza" ina sita. Wakaongeza moja.

#11 Mwalimu Mstaafu
Basi tushukuru hawakuwa watoto kumi na wawili.

#12 Mzanzibari wa Maskati
Assalaam aleikum.

Nyinyi mnacheka Pepo Mtoto, mimi nimeganda kwenye hilo la kijana kujiita Mtume. Mtume! Hivi hapakuwa na mtu mzima pale wa kumwambia, mwanangu, jina hilo lina mwenyewe? Kwetu Unguja angerudishwa nyumbani na bakora.

#13 Philly ya Baridi
Sheikh, hata Miles Davis alimpokea na jina lake hilo. Mtume alipiga ngoma kwenye bendi ya Miles kuanzia 1971 hadi 1975, na Miles akatoa wimbo unaitwa Mtume kabisa. Uko kwenye Get Up with It ya 1974. Baadaye Mtume akaachana na jazz, akapiga muziki wa disko la taratibu, akapata fedha na wimbo wa 1983 ambao mmeusikia wote hata kama hamjui ni wake: Juicy Fruit.

#14 Kijana wa Ilala
Kumbe ni YULE Mtume?? Huo wimbo umepigwa kwenye kila harusi ya Dar niliyowahi kwenda, baada ya keki.

#15 Bi Tarumbeta
#8 hujafunga kesi yoyote, na #7 naye asifurahi bado. Tupange miaka.

1958: Wilbur Harden na John Coltrane wa saksafoni wanarekodi "Tanganyika Strut". Novemba 1960: Randy Weston, mpiga piano wa Brooklyn, mrefu kama mnazi, anarekodi Uhuru Afrika. Sehemu nne, bendi kubwa, mpangaji wa muziki mwanamke, Melba Liston. Sehemu ya kwanza inaitwa "Uhuru Kwanza". Ya mwisho inaitwa "Kucheza Blues". Karenga wa 1966 yuko wapi hapo? Nyerere mwenyewe hajapata uhuru, bado mwaka mmoja na wiki kadhaa.

Maneno ya albamu aliyaandika mshairi Langston Hughes. Na mwanzoni kabla muziki haujasimama, kuna mtu anasoma kwa Kiswahili. Kiswahili kweli, si cha kamusi. Msomaji ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, aliyekuwa akifuatilia mambo ya Umoja wa Mataifa kule New York. Serikali ya makaburu ikaipiga marufuku sahani hiyo Afrika Kusini mwaka 1964.

Maoni yangu: Kiswahili hawakukiokota kwenye kamusi wala kwenye siasa za Karenga. Kiliingia kwa mlango wa Umoja wa Mataifa, New York, kwa watu wetu waliokwenda kudai uhuru wakakutana na wanamuziki. Mwaka 1960 peke yake nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Mji ule ulijaa Waafrika wenye suti na mikoba.

#16 Mtu wa Kisauni
#15 dada yangu, na Mau Mau ya 1953 je? Hiyo ni miaka saba kabla ya Uhuru Afrika yako.

#17 Bi Tarumbeta
Hilo ni jina la wimbo tu, kaka. Na Mau Mau si Kiswahili.

#18 Mtu wa Kisauni
Basi ni nini?

#19 Bi Tarumbeta
Hilo fungua uzi wako 😄

#20 Sindano Butu
Nipite na jibu fupi. Kiswahili hakina kabila. Ukijiita kwa Kiyoruba, Mwigbo atanuna, Mwashanti atanuna. Ukijiita kwa Kiswahili hakuna wa kununa kwa sababu hakuna mwenye nacho. Mtu asiyejua babu yake alitoka kijiji gani atachukua lugha isiyo na kijiji.

Sahani: A Love Supreme ya Coltrane. Ilirekodiwa usiku mmoja, tarehe 9 Desemba 1964. Kila sikukuu ya uhuru wa Tanganyika mimi naipiga nikiwa nimevaa pajama, hotuba za kwenye televisheni nimezinyamazisha.

#21 Mzanzibari wa Maskati
"Hakuna mwenye nacho" 😐

Ndugu yangu, nipe anwani yako nije na shangazi zangu watatu wa Mji Mkongwe tujadili.

#22 Sindano Butu
Nimeteleza, Sheikh. Wenyewe wapo. Lakini wa Chicago hakuwajua.

#23 Karafuu Kavu
Naomba niseme lisilopendeza. Kiswahili kilitembea bara na misafara ya pembe na watumwa, kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo. Mtumwa wa kule Magharibi anakuja kuchukua jina la uhuru kutoka kwenye lugha ya msafara wa watumwa wa huku Mashariki. Hamuoni kitu kimekaa vibaya?

#24 Philly ya Baridi
#23 huku nako lilisemwa sana hilo, na bado linasemwa. Jirani yangu mzee mmoja nilimuuliza hivyo hivyo. Akaniuliza kwa Kiingereza: na lugha ninayoongea nawe sasa hivi, ilikuja na meli gani? Nikanywa chai yangu.

#25 Karafuu Kavu
Jibu zuri lakini si jibu.

#26 Mwana wa Lubumbashi
Bandugu, jambo yenu. Mutanisamehe Kiswahili yetu ya huku.

Mulitaja Armstrong (#4). Mwaka wa 1960 alifika Kongo, Léopoldville kwanza, wakamubeba kwenye kiti juu ya mabega kama mufalme. Novemba akafika kwetu, wakati ule mji ulikuwa bado Élisabethville na Katanga ilikuwa imejitenga. Babu alikuwa kijana, hakuwa na feza ya kuingia. Alisimama inje. Alikuwa anatuambia tarumbeta ilipita ukuta. Kila mara anasimulia ukuta unaongezeka unene. Mwisho ulikuwa kama mita mbili.

Swali yangu ni ya kinyume: beo walichukua maneno yetu, sawa. Sasa sisi mbona tulichukua neno lao? OK Jazz, African Jazz ya Kabasele. Na kwenu bendi zote ni Jazz. Mbona hakuna hata moja inapiga jazz?

#27 Kijana wa Ilala
Hilo ndilo swali 🔥 Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Nuta Jazz, Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka. Nilipomwambia baba nasikiliza jazz akafurahi, akaja kukaa. Nikaweka Coltrane. Akasubiri kidogo, akauliza "wanaanza saa ngapi?"

#28 Mtu wa Kisauni
😂😂😂 wanaanza saa ngapi!! Nimeangusha simu.

#29 Fundi Spika
Kwa umri wangu najibu hili. Zamani "jazz" ilikuwa ni zile dramu. Seti nzima, tumba la miguu na visahani. Bendi ikiwa na seti hiyo ndiyo jazz, ikiwa haina ni ngoma au taarabu au dansi ya kinanda. Dar es Salaam Jazz ilianza miaka ya thelathini mwanzoni, Morogoro Jazz 1944. Miaka hiyo kuwa na seti ya dramu ni sawa na leo kuwa na gari.

#30 Mwana wa Lubumbashi
#29 iko kweli! Na Wafaransa pia zamani walisema "jazz-band" kwa kumaanisha dramu zenyewe. Labda neno lilipita kwetu Kongo ndiyo likafika kwenu.

#31 Fundi Spika
Dar es Salaam Jazz ni ya zamani kuliko OK Jazz, bwana mdogo. OK Jazz ni 1956. Msitupe kila kitu nyinyi.

#32 Sindano Butu
Mimi nasema ni askari. Walirudi kutoka Burma 1945 na gramafoni na mwendo mpya wa kutembea.

#33 Fundi Spika
1932 na 1945 ipi ya kwanza?

#34 Sindano Butu
Leo siku yangu mbaya.

#35 Mzanzibari wa Maskati
Neno lilikuwa la fahari tu. Kama leo kila duka ni "Classic" na kila saluni ni "Dubai". Ukiandika Jazz kwenye tangazo watu wanajua kutakuwa na saksafoni na suruali zimepigwa pasi.

Halafu ni OK ya nini ile? Nimesikia ni Orchestre Kinois, yaani bendi ya Kinshasa.

#36 Mwana wa Lubumbashi
Hapana, Sheikh. Hiyo watu waliitunga nyuma. OK ilitoka kwa baa walipokuwa wanapiga, OK Bar, ya bwana Oscar Kashama. Jina ya mwenye baa.

#37 Bi Tarumbeta
Turudi kwa Miles maana mmenipeleka Tabora.

#13 kataja Get Up with It akaruka kubwa kuliko zote. Kwenye sahani hiyo hiyo kuna wimbo wa dakika thelathini na mbili unaitwa "Calypso Frelimo". Frelimo! Chama cha ukombozi wa Msumbiji, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1962. Miles ameurekodi 1973, Msumbiji bado inapigana, makao yao yako mjini kwetu. Sasa unadhani nani alimtia Miles sikioni jina hilo? Mimi namshuku Mtume wa Sheikh.

#38 Mzanzibari wa Maskati
Si wangu huyo!

#39 Mwalimu Mstaafu
Hapa nakumbuka kitu. Malcolm X alifika Dar Oktoba 1964, akaonana na Mwalimu Nyerere. Mwaka 1974 mkutano wa sita wa Umajumui wa Afrika ulifanyika Dar, Wamarekani Weusi wakaja wengi. Nilikuwa mwanafunzi, nikapewa kazi ya kuwaelekeza njia. Mmoja, nywele kama mwavuli, akaniambia kwa Kiswahili kilichonyooka: "Ndugu, jina langu ni Uhuru, naomba maji." Nikamletea maji. Nikarudi bwenini kuwasimulia wenzangu kwamba uhuru ulikuwa na kiu.

Kwa hiyo wengine walikisoma kweli. Nalainisha kidogo #4. Mchezaji bado nakataa.

#40 Kijana wa Ilala
Ndugu... kuna Leon "Ndugu" Chancler, mpiga dramu. Nimegugo sasa hivi: yumo kwenye sahani ya mleta uzi. Na ndiye huyo huyo aliyepiga dramu za Billie Jean ya Michael Jackson!! Yaani lile "du-ka du-ka" la mwanzo anapiga mtu anaitwa Ndugu.

#41 Mtu wa Kisauni
Na ile sauti ya Kiswahili mwanzoni mwa Liberian Girl je? Nani ile?

#42 Bi Tarumbeta
Letta Mbulu, wa Afrika Kusini. Ndiyo maana inasikika kama mgeni aliyefundishwa mlangoni.

#43 Karafuu Kavu
Mmezunguka mji mzima hamjataja Abdullah Ibrahim. Mannenberg, 1974, Cape Town. Hakuna Kiswahili humo, hakuna siasa ya majina. Saksafoni ya Basil Coetzee tu na piano iliyochoka. Hiyo sahani yangu. Na kabla hamjaniambia si jazz, subirini kwanza.

#44 Sindano Butu
Mulatu Astatke wa Ethiopia pia. Mulatu of Ethiopia ya 1972. Ukiisikiliza gizani unahisi mtu anakufuata taratibu lakini hana nia mbaya.

#45 Baba Naima
Nimesoma uzi wote kimyakimya, nitoe langu.

Binti yangu alipozaliwa nilitaka aitwe Naima, kwa ajili ya ule wimbo wa Coltrane kwenye Giant Steps, aliomtungia mke wake. Mimi Mkristo, mama mtoto Mwislamu, na ndoa yenyewe ilipita kwenye tundu la sindano. Nilijua jina litaleta vita. Bibi wa kwa mama akasema alhamdulillah, jina zuri la Kiislamu. Bibi wa kwetu akasema sijui la wapi lakini tamu. Sikumwambia yeyote. Mpaka leo kila upande unaamini ulishinda.

Na mke wa Coltrane kweli alikuwa Mwislamu, nilikuja kulisoma baadaye.

#46 Mzanzibari wa Maskati
#45 Mungu amkuze. Kwa hiyo bibi wa kwa mama alishinda.

#47 Fundi Spika
#3 nilitaka kukuchokoza, Bi Tarumbeta. Kind of Blue yako ni toleo gani? Mashine ya kurekodia ya siku ya kwanza ilikuwa na kasi isiyo sawa, nyimbo tatu za upande wa kwanza zikatoka zimepanda kidogo sauti. Hawakurekebisha mpaka miaka ya tisini mwanzoni. Waliojifunza kwa kupiga nayo pamoja walikuwa wanahangaika kutuni ala.

#48 Bi Tarumbeta
Yangu ni ya zamani, imepanda. Nimeizoea hivyo. Ile iliyorekebishwa naiona kama ina usingizi.

#49 Fundi Spika
Na mpiga piano Wynton Kelly nampenda sana humo.

#50 Bi Tarumbeta
Kelly yumo wimbo mmoja tu, Freddie Freeloader. Kwingine kote ni Bill Evans. Fundi, spika zako zina vumbi.

#51 Fundi Spika
Nimekubali. Nenda zako.

#52 Sindano Butu
Tufanye hesabu basi: Karenga, Umoja wa Mataifa, Mau Mau, Nyerere, lugha isiyo na kijiji (nimefuta, Sheikh). Mleta uzi unachukua lipi?

#53 Philly ya Baridi
Karenga.

#54 Mtu wa Kisauni
Kenyatta.

#55 Karafuu Kavu
Labda Kiswahili kilikuwa kinasikika vizuri tu. Karibu kila silabi inaishia na irabu, kinaimbika. Mwanamuziki anasikiliza kwanza, maana baadaye.

#56 Mwalimu Mstaafu
#55 kwa mara ya kwanza leo nakubaliana nawe, na inaniudhi.

#57 Sahani ya Mjomba
Wakuu nimerudi, nilikuwa Njombe kwa mama wiki nzima, mtandao wa kule ni wa kubahatisha.

#52 sichukui lolote bado. Ila nina kisa. Baada ya kusoma #15 nilitafuta Uhuru Afrika, nikaipakua kwenye simu kabla ya safari. Jioni moja tuko jikoni, mama anakoroga ugali, nikaiweka kwenye spika ndogo. Sikumwambia kitu, sikutaja Marekani wala jina la mtu. Yule msomaji akaanza. Mama akaacha mwiko. Akasikiliza mpaka mwisho wa maneno, zikaanza ngoma.

Akasema: "Huyo si wa pwani. Huyo wa huku kwetu juu, Mkinga huyo."

Nikamuuliza umejuaje. Akasema nisimuulize maswali, ugali utashika.

#58 Bi Tarumbeta
Sanga. Makete. Mama yako ana sikio kuliko sisi wote humu.

#59 Kijana wa Ilala
Muulize na Pepo Mtoto anamjua 😂

#60 Baba Naima
Samahani kutoka nje ya mada. Kuna mwenye Kawaida kwenye sahani halisi, si ya kupakua? Nanunua. Hata kama inakohoa.